KITAMBI HAKIKUJA KWA SIKU MOJA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeangalia chungu cha nyumbani,

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama, vumbi na baruti. Leo tunasema juu ya kitu ambacho mtu anakibeba kutoka nyumbani mpaka kazini na hawezi kukivua mlangoni: uzito wa mwili wake. Tutajibu swali moja tu. Mtu anayetaka kupunguza uzito, achague njia gani ili afaulu, na ili kilo zile zisirudi?

Tunajua tuko Goma. Familia nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, na sufuria moja inalisha watu wengi. Mtu anaweza kutuambia: "Muganga, watu wanatafuta chakula, na wewe unatufundisha kukipunguza?" Swali hilo ni la haki. Lakini katika nyumba moja tunaweza kukuta mtoto ambaye uzito wake hautoshi, na baba ambaye mafuta ya tumbo yamempandishia tansio, yaani shinikizo la damu. Dispanseri inawapokea wote wawili, na kila mmoja ana shauri lake.

YALIYOMPATA MWENDESHAJI MMOJA

Mwenzetu mmoja, mwendeshaji wa mashine ya kupakia mawe, ameniruhusu nieleze habari yake, ila jina lake nisilitaje. Alipokuja kupimwa alikuwa na miaka 41, kimo mita 1 na santimita 70, uzito kilo 104. Tansio yake ilikuwa 158 kwa 98. Alipewa vidonge vya tansio, akaambiwa: "Upunguze uzito." Basi. Hakuna aliyekaa naye kumweleza namna ya kuupunguza.

Alitafuta njia mwenyewe. Alinunua barabarani majani ya chai ya kupunguza tumbo, akayanywa asubuhi na jioni. Akaacha chakula cha asubuhi na cha mchana, akawa anakula mara moja tu kwa siku. Baada ya wiki tano mizani ilionyesha kilo 95. Mimi ndiye niliyempima siku hiyo. Nilimpa mkono wa hongera, nikamwita mwenzangu aje aone. Sikumwuliza hata swali moja juu ya namna alivyofanya.

Wiki iliyofuata, mwanzo wa zamu ya usiku, alikuwa anapanda ngazi ya mashine. Alipofika juu, macho yakaona giza na mikono ikalegea. Mwenzake aliyekuwa nyuma alimshika mkanda wa suruali, wakaanguka wote wawili, lakini kutoka ngazi ya pili, si ya juu. Mmoja aliumia kiwiko, mwingine alichubuka mgongo. Kama yule mwenzake angechelewa nusu dakika, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Sababu haikuwa ngumu kuitambua. Chai ile ilikuwa ya kuharisha. Mwili ulipoteza maji na chumvi, tumbo lilikuwa tupu, na juu yake vidonge vya tansio viliendelea kushusha shinikizo. Njia yake ilikuwa mbaya, na mimi niliipigia makofi. Niliona mizani, sikumwona mtu.

Yaliyobaki mnaweza kuyabashiri. Aliacha chai, akarudi kula kama zamani. Baada ya miezi saba alikuwa na kilo 107.

KWA NINI NI JAMBO LA USALAMA

Si kwa sababu ya sura. Kila mtu ana umbo alilopewa, na hakuna anayepaswa kuchekwa kazini kwa ajili ya tumbo lake. Sababu zetu ni hizi:

Joto. Mtu mwenye mafuta mengi mwilini hupoteza joto kwa taabu. Akifanya kazi nzito mahali penye joto na hewa kidogo, huzidiwa upesi kuliko mwenzake.

Usingizi. Unene wa shingo na tumbo unaweza kuziba njia ya pumzi usiku. Mtu anakoroma kwa nguvu, pumzi inakatika, anashtuka, anakoroma tena. Asubuhi anaamka amechoka kama hakulala. Mtu huyo akikaa kwenye usukani wa gari au wa mashine, anaweza kusinzia bila kujua. Mama, ukiona mume wako pumzi inakatika usingizini, usinyamaze. Mwambie aje kwetu.

Ngazi na mshipi. Mshipi wa usalama umeandikwa uzito wa juu unaoweza kuubeba. Usome kabla ya kuuvaa. Magoti na mgongo vilevile vina kipimo chao, hata kama havikuandikwa.

Magonjwa ya polepole. Tansio na ugonjwa wa sukari haviumizi mwanzoni. Siku vinapojitokeza, vinaweza kuja na kupooza upande mmoja, kushindwa kwa figo, au kidonda cha mguu kisichopona.

JIPIME KWA KAMBA

Si kila nyumba ina mizani, lakini kila nyumba inaweza kupata kamba. Chukua kamba isiyovutika. Simama wima bila viatu, na mtu akate kamba iliyo sawa na kimo chako, toka unyayo mpaka utosini. Ikunje katikati. Sasa toa pumzi bila kubana tumbo, na uizungushe kamba hiyo iliyokunjwa tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga.

Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya kimo chako, nawe uko katika hatari zaidi ya kupata tansio na ugonjwa wa sukari. Njoo dispanseri tupime yote mawili. Mwendeshaji wetu alihitaji santimita 85 au chini yake. Alikuwa na 112. Kipimo hiki hakiwahusu wanawake wenye mimba.

Tena sikilizeni vizuri hili: mtu anayepungua bila kutaka asifurahi. Akikonda huku anakohoa zaidi ya wiki mbili, anatoka jasho usiku, au ana kiu na mkojo mwingi, hiyo ni ishara ya ugonjwa. Inaweza kuwa kifua kikuu, ugonjwa wa sukari, virusi vya ukimwi, au jambo lingine. Sisi tunaofanya kazi katika vumbi la mawe tunajua kwamba kifua kikuu kinatupenda. Mtu huyo aje apimwe mara moja.

NJIA ZA HARAKA NA BEI YAKE

Chai za kuharisha na vidonge vya kukojoza hutoa maji, si mafuta. Kilo zinazotoka kwa njia hiyo hurudi pamoja na gilasi za maji. Lakini chumvi za mwili zikipungua sana, moyo unaweza kupiga vibaya, na mtu anaweza kuanguka.

Vidonge vya barabarani ni hatari zaidi. Kulikuwa na dawa moja iliyoitwa sibutramini. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa ya damu. Lakini tangu wakati huo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge na chai zinazouzwa kama "dawa ya majani tu". Kwa macho huwezi kuijua.

Na dada zetu wanaonunua vidonge vya kunenepesha wanacheza na moto uleule kwa upande mwingine. Vidonge vile mara nyingi ni deksametasoni au siproheptadini. Ya kwanza hujaza uso na tumbo, hupandisha sukari na tansio, na ukiikata ghafla baada ya kuitumia siku nyingi unaweza kuanguka vibaya. Ya pili huleta usingizi. Mtu anayeitumia asiguse mashine.

Siku hizi watu wanauliza pia juu ya sindano ya semaglutidi. Ni dawa ya kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu walioitumia kwa wiki 68 pamoja na mashauri ya chakula walipungua wastani wa karibu 15 kwa mia ya uzito wao. Lakini walipofuatwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano na mashauri yake, walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya kilo zile. Ni dawa ya daktari, inatunzwa katika baridi, na bei yake ni kubwa. Anayekuuzia bila karatasi ya daktari, mwache.

Na njaa je? Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota katika Marekani, vijana 36 wenye afya walikubali kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24, ili waganga wajifunze namna ya kuwasaidia watu walioumizwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa na baridi, hasira na uchovu, na mchana kutwa waliwaza chakula tu. Waliporuhusiwa kula, wengi walikula kupita kiasi, na mafuta yao yakapita kipimo cha zamani.

Jueni basi: mwili haujui kwamba unataka suruali ikutoshe. Mwili unadhani njaa imeingia nchini. Unapunguza matumizi na kuongeza hamu ya kula. Anayerudisha kilo si mvivu wala si mtu asiye na aibu. Alichagua vita ambayo mwili umezoea kuishinda.

NJIA IPI NI BORA?

Watu wengine wanasema: acha mafuta. Wengine wanasema: acha fufu na mkate. Mwaka 2018, chuo kikuu cha Stanford huko Marekani kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 609. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza vyakula vya wanga na sukari, kwa mwaka mzima. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haitoshi kusema njia moja imeshinda. Lakini ndani ya kila kundi, kulikuwa na watu waliopungua sana na wengine walioongezeka.

Mwaka 2005 watafiti wengine walikuwa wamelinganisha njia nne zenye sifa kubwa, kwa watu 160. Waliona jambo lilelile: jina la njia halikuwa na uzito sana. Aliyefaulu ni yule aliyeifuata njia yake kwa bidii mpaka mwisho.

Wala haitakiwi mtu awe mwembamba kama fito ili apate faida. Mwaka 2002, Marekani, ulitangazwa utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza 7 kwa mia ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 7 tu. Katika kundi hilo ugonjwa wa sukari ulipungua kwa 58 kwa mia, kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Wale waliopewa dawa ya metformini walipata 31 kwa mia.

Basi, kabla ya kuchagua njia, jiulize maswali manne:

1. Je, nitaweza kufanya hivi mwaka mmoja kuanzia leo?
2. Je, familia yangu inaweza kula pamoja nami?
3. Je, ninaweza kuipata kwa franga zangu, katika soko letu?
4. Je, inaniachia nguvu za kumaliza zamu yangu?

Jibu moja likiwa "hapana", iache njia hiyo, hata kama kilo zinakimbia. Chai ya mwendeshaji wetu ilishindwa maswali yote manne.

MARA YA PILI ALIKUJA NA MKE WAKE

Mara ya pili nilimwomba aje na mke wake, kwa sababu mwenye chungu ndiye mwenye njia. Mama yule alikaa, akatusikiliza, kisha akasema waziwazi: "Muganga, baba ya watoto akikonda, watu wa kartier watasema ana sida. Au watasema simpikii."

Hilo si neno la kucheka. Kwetu tumbo la baba ni heshima ya nyumba, na kukonda kunaleta maneno. Wanaume wengi wameacha njia nzuri kwa ajili ya maneno ya majirani. Nilimjibu: "Mama, hatutaki akonde. Tunataka apungue kilo nusu kwa wiki, na wiki nyingine isiwe kitu. Majirani watachelewa kuona." Mume wake akaongeza: "Na wakisema, waambie nilianguka ngazini. Hilo wanalijua wote."

Halafu tulifanya hesabu ya chungu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Tazameni:

– Chupa kubwa ya pombe ya kiwanda, santimita 72 za lita: karibu kalori 300.
– Chupa ya soda tamu, 33: karibu kalori 140.
– Kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese, au ya aina yoyote: karibu kalori 120.
– Kutembea saa moja kwa mwendo mzuri: mtu mzito hutumia kalori 300 au zaidi kidogo.

Maana yake, chupa moja ya jioni inakula mwendo wa saa nzima. Mwendeshaji wetu alikuwa anakunywa chupa tatu, siku nne kwa wiki. Hizo ni chupa 12, kalori 3,600, na bado hatujahesabu mishikaki. Hakuna shamba la nyumbani linaloweza kukusaidia kama huko nganda unaongeza hivyo. Wala msidhani kasiksi haina hesabu. Nayo inahesabiwa.

Hakuchagua mambo kumi. Alichagua manne, yeye na mke wake.

La kwanza: pombe. Alibaki na chupa mbili, Jumamosi tu. Franga za chupa kumi zilizobaki alimpa mke wake kila wiki. Mama alizinunulia sambaza na mboga, na nyingine akaziweka kwa ajili ya minervali ya watoto. Alisema: "Sasa hata mimi naipenda njia hii."

La pili: sahani. Kwao wanakula fufu pamoja katika sinia moja, na katika sinia moja hakuna anayejua amekula ngapi. Hawakuvunja desturi ya kukaa pamoja. Baba alianza tu kutenga chakula chake katika sahani yake mwenyewe: nusu ya sahani ni mboga, sombe, lengalenga au shu. Robo ni fufu, viazi au ndizi. Robo nyingine ni maharagi, sambaza, yai au nyama. Akimaliza anangoja kidogo. Akiwa bado na njaa, anaongeza mboga na maharagi, si fufu. Maharagi ya Rutshuru na sambaza wa ziwa letu vinashibisha muda mrefu, na havihitaji duka la wazungu.

Mafuta ya sombe nayo yalianza kupimwa kwa kijiko, si kwa kumimina toka bidoni. Lakini hapa nasisitiza, akina mama: MSIPUNGUZE CHAKULA CHA MTOTO KWA SABABU YA KITAMBI CHA BABA. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ili akue. Mpe avoka, karanga za kusaga, au mweke kijiko chake cha mafuta katika uji. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha vilevile wasijitie katika mambo ya kupunguza uzito.

La tatu: chakula cha zamu. Saa tisa ya usiku ndiyo saa mbaya. Mtu amechoka, ana baridi, anatafuta chai yenye sukari nyingi na mandazi matatu. Sasa anabeba kibakuli chake: viazi vitamu vya kuchemsha na maharagi, au mayai mawili na ndizi. Anakunywa maji mengi, na chai bila sukari. Akirudi asubuhi anakula kidogo, analala katika chumba chenye giza. Msidharau usingizi. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa kuliko kazi aliyoifanya.

La nne: miguu. Mwendeshaji wa mashine huchoka, lakini amekaa. Alianza kushuka kwenye gari la wafanyakazi mapema, akawa anamalizia njia kwa miguu nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150. Hakununua kitu ila soksi, kwa sababu mawe yetu ya volkano yanachubua vidole.

Kwenu mnaopenda kutembea au kukimbia alfajiri, angalieni mazuku. Hewa ile mbaya ya volkano haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hulala katika mabonde madogo na mashimo, hasa upande wa magharibi wa mji karibu na ziwa. Ni mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Pitieni njia ya juu yenye watu, msishuke katika mabonde, na watoto msiwaache wachangulie mbele huko.

MATOKEO

Miezi miwili ya kwanza alipungua kilo 4. Mwezi wa tatu hakupungua hata gramu moja, akaja amekasirika. Nilimwonyesha kamba: tumbo lilikuwa limerudi santimita 2. Mizani ilisimama, mwili haukusimama. Mwezi wa sita kulikuwa na msiba katika ukoo, wakala na kunywa wiki mbili. Zilirudi kilo 2. Zamani angesema "nimeshindwa" na kuacha yote. Safari hii alirudi katika sahani yake kesho yake.

Baada ya miezi kumi na moja ana kilo 94. Kiuno ni santimita 99. Tansio ni 136 kwa 86, na vidonge vyake anaendelea kumeza, maana hakuna anayeruhusiwa kuviacha bila kuuliza. Kamba yake bado haijafunga. Si mwembamba, na majirani hawajasema kitu. Lakini mke wake anasema anakoroma kidogo kuliko zamani, naye anapanda ngazi ya mashine bila kusimama katikati.

Tena angalieni jambo moja. Mara ya kwanza alifika 95 kwa wiki tano. Mara ya pili alifika 94 kwa miezi kumi na moja. Mizani inaonyesha karibu namba ileile. Lakini ile ya kwanza ilimwangusha ngazini, na hii ya pili anaendelea kuishi nayo.

KUSHIKA KILICHOPATIKANA

Kupunguza ni nusu ya kazi. Huko Marekani, tangu mwaka 1994 kuna daftari kubwa la watu waliopungua angalau kilo 13 na kuendelea hivyo mwaka mmoja au zaidi. Njia zao za kupungua zilikuwa mbalimbali. Lakini namna ya kushika inafanana kwa wengi wao: hujipima mara kwa mara, hula chakula cha asubuhi, na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku.

Kwetu tufanye hivi. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya kula, nguo zilezile. Andika katika daftari. Ikipanda kilo moja, usiogope, huenda ni maji au chumvi. Ikipanda kilo 3, usingoje ziwe 10. Njoo, au rudi katika yale mambo manne.

NANI AJE KWETU KWANZA

Asianze peke yake mtu anayemeza dawa ya tansio au ya sukari, hasa anayejidunga insulini, maana chakula kikipungua, dawa inaweza kuzidi. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na anayetibiwa kifua kikuu. Huyo wa kifua kikuu anatakiwa ale vizuri apone, si apungue. Na yeyote akisikia kizunguzungu, moyo kupiga ovyo au maumivu ya kifua, asipande ngazi wala mashine. Amwambie mkubwa wa zamu palepale. Hakuna aibu.

Mizani ya dispanseri iko karibu na mlango, na kupimwa hakuna malipo. Ukija, sitakupa hongera kabla ya kukuuliza umekula nini jana, na umelala saa ngapi. Hilo nililijifunza kwa kiwiko cha mtu mwingine. Na kama una mke au mume, njooni wawili.

Wazee wanasema haba na haba hujaza kibaba. Kitambi kilikuja vivyo hivyo, chupa kwa chupa, kijiko kwa kijiko. Kitaondoka kwa njia ileile.

Muganga wenu wa dispanseri